Dini na Serikali: Ni Nani Apimaye Imani ya Mtu?

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali tuletewayo na wale wanaoichunguza dini, liko moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba mwulizaji aliogopa jibu lake. Nalo ni hili: "Ikiwa Uislamu ni dini ya haki, na ikiwa Mwenyezi Mungu ndiye Mfalme wa kweli, kwa nini serikali isiwalazimishe watu kuufuata?" Mwingine huja na swali lile lile akilishika kwa upande wa pili: "Mimi ni mtumishi wa serikali isiyokuwa ya Kiislamu. Je, nikisilimu, naweza kuendelea kuitumikia na kuitii?" Maswali haya ni ndugu wa tumbo moja. Atakayelikosea la kwanza hataweza kulijibu sawasawa la pili.

Wako wanaosema kwamba dini haina lolote la kuiambia serikali. Ikae msikitini na kanisani, iwaachie wanasiasa mambo ya dunia. Hawa sitawashughulikia sana leo, maana maisha yenyewe yawasuta. Hakimu anayekataa rushwa usiku, hali hakuna amwonaye, amepata wapi nguvu hiyo? Na karani anayeipokea, je, imani yake ameiacha msikitini tu, au hakuwa nayo hata huko? Serikali yoyote hujengwa kwa watu, na watu huja kazini na nyoyo zao. Mimi nataka kuzungumza na wale wa kundi la kwanza, kwa sababu ni watu wa dini kama sisi, na kosa la mtu wa dini huwa na madhara makubwa zaidi kwa kuwa hulifanya huku akidhani anapata thawabu.

Tuanze na Kitabu chenyewe. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 59, Mwenyezi Mungu anaamuru amana zikabidhiwe wanaozistahili, na kwamba wenye kuhukumu baina ya watu wahukumu kwa uadilifu. (Msomaji atumiaye msahafu usiohesabu Bismillahi ataikuta aya hii nambari moja nyuma, na hivyo hivyo kwa aya nyingine nitakazozitaja.) Tazama vizuri, ndugu yangu. Aya haikusema baina ya Waislamu. Imesema baina ya watu. Tena utawala umeitwa amana, na amana si mali ya aliyeishika. Mtu akiwekewa fedha na majirani kumi, hana ruhusa ya kumrudishia kila mmoja haki yake kwa kutazama kwanza anasali wapi. Aya ifuatayo, ya 60, ndiyo iamuruyo kuwatii wenye madaraka. Basi agizo la uadilifu limetangulia agizo la utii, nami siamini ya kuwa mpangilio huo umetokea kwa bahati tu.

Kisha ziko aya zinazohusu imani yenyewe. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 257, twafundishwa ya kuwa katika dini hapana nafasi ya shuruti. Katika Sura Yunus, aya ya 100, Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe aulizwa kama atawashurutisha watu mpaka waamini, hali Mola wake angetaka wangeamini wote. Na katika Sura Al-Ghashiya aambiwa kwamba kazi yake ni kukumbusha, wala hakuwekwa kuwa msimamizi juu yao. Ikiwa Seyidna Muhammad Mustafa s.a.w. hakupewa usimamizi wa nyoyo za watu, ni mfalme gani, rais gani au bunge gani lidailo kwamba limepewa?

Hapo mwulizaji hunijia na hoja yake kubwa: "Lakini Mtume s.a.w. alikuwa Nabii na mtawala pia pale Madina!" Naam, alikuwa. Na kwa sababu hiyo hasa yatupasa kutazama alivyotawala, wala tusitosheke kusema tu ya kuwa alitawala.

Alipohamia Madina mwaka 622, aliukuta mji wenye Waarabu waliosilimu, Waarabu ambao bado hawajasilimu, na makabila ya Wayahudi. Paliandikwa mapatano, na wanahistoria wetu wa kale wametuhifadhia maneno yake. Katika mapatano yale Wayahudi walihesabiwa kuwa pamoja na Waislamu katika umma mmoja wa ulinzi wa mji. Wao wakabaki na dini yao na Waislamu na dini yao. Aliyedhulumu, dhambi ni yake na ya watu wa nyumba yake, hata awe wa kundi gani. Gharama za vita vya kuulinda mji zilikuwa za wote. Hii ndiyo serikali ya kwanza ya Kiislamu duniani, na hati yake ya kwanza haikumwuliza raia amwamini nani. Ilimtaka asiusaliti mji na asiwadhulumu jirani zake.

Baadaye, mwaka 628, penye mapatano ya Hudaibiya, mjumbe wa Wamakka alikataa hati isiandikwe kwamba Muhammad ni Mtume wa Allah, akisema lau wangaliamini hivyo wasingalipigana naye. Masahaba walichukizwa mno. Lakini Mtume s.a.w. alikubali jina liandikwe kwa kutaja baba yake tu. Je, utume wake ulipungua? Haukupungua hata chembe. Alijua ya kuwa hati ya mapatano baina ya watu wa imani mbalimbali lazima iandikwe kwa maneno ambayo pande zote zaweza kuyatia muhuri. Katiba ya nchi ni hati ya namna hiyo.

Kuna habari mbili nyingine ambazo kwangu mimi ndizo shina la jambo hili.

Ya kwanza ni ya Usama bin Zaid r.a., kijana aliyependwa sana na Mtume s.a.w. Katika vita fulani alimwinulia adui upanga, na yule adui akatamka kalima. Usama akamwua, akidhani ameitamka kwa kuogopa chuma. Habari zilipomfikia Mtume s.a.w. alihuzunika, akamwuliza Usama kama aliupasua moyo wa yule mtu hata akajua kilichokuwamo. Alilikariri karipio hilo mpaka Usama akatamani kama angalikuwa hakusilimu kabla ya siku ile. Angalia: dalili zote za nje zilikuwa upande wa Usama. Vita vilikuwa vinapiganwa, upanga ulikuwa juu ya kichwa, na kalima ilikuja dakika ya mwisho. Hata hivyo hakupewa haki ya kuihukumu imani ya mtu kinyume cha ulimi wa mtu mwenyewe.

Ya pili haitajwi sana mimbarini, nami sijui kwa nini, maana imo katika Sahihi Bukhari. Hudhaifa r.a. asimulia kwamba Mtume s.a.w. aliagiza Waislamu waandikwe majina na kuhesabiwa. Sasa, kila serikali iandikapo majina huhitaji kipimo: nani aandikwe na nani aachwe? Kipimo alichowapa waandishi kilikuwa kuandika kila ajitamkaye kwa ulimi wake kwamba ni Mwislamu. Basi wakaandikwa, na riwaya moja yataja wanaume 1,500. Miongoni mwao hapana shaka walikuwamo wanafiki, na Mtume s.a.w. alijulishwa na Mungu habari za baadhi yao. Hata hivyo hakumfuta mtu daftarini. Daftari la serikali liliandika lile ambalo serikali yaweza kulisikia, na lile lisilosikika likaachiwa Mwenye kujua siri.

Lau watawala waliokuja baadaye wangeshika kipimo hicho, umma ungeepushwa na machozi mengi. Nitataja mfano mmoja tu wa zamani. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun, mtu msomi aliyependa elimu kweli kweli, aliandika barua kwa mkuu wa Baghdad akiagiza makadhi na wanavyuoni waulizwe swali moja: Kurani imeumbwa au haikuumbwa? Atakayejibu tofauti na itikadi ya Khalifa asiachwe katika kazi ya ukadhi, wala ushahidi wake usikubaliwe. Wengi walijibu kwa ulimi lile lililotakiwa. Imam Ahmad bin Hanbal alikataa. Al-Ma'mun akafa mwaka ule ule, lakini mtihani ukaendelea. Chini ya ndugu yake al-Mu'tasim, Imam alifungwa gerezani akapigwa mijeledi. Miaka kumi na mitano hivi serikali ilishika fimbo hiyo, mpaka al-Mutawakkil, aliyeshika ukhalifa mwaka 847, alipoiweka chini.

Matokeo yake yalikuwa nini? Itikadi iliyolazimishwa ndiyo iliyoshindwa, na jina la yule mzee aliyepigwa ndilo linalotajwa hata leo misikitini kwa heshima. Watu wengi hudhani kuwa watesaji wa dini ni wajinga. Al-Ma'mun hakuwa mjinga. Alikuwa na hakika, na alikuwa na askari, akadhani kwamba cha pili chaweza kukisaidia cha kwanza.

Tuondoke Baghdad tuje zama zetu. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha dini ng'ambo, nilikaa chumba kimoja na kijana mmoja kutoka Pakistan. Siku za mwanzo nilimshangaa. Tulipotembea njiani alikuwa akimwamkia kila Mwislamu, "Assalaamu alaikum," kwa sauti kubwa kupita kiasi, hata watu wakageuka. Nilimwuliza kwa mzaha kama anawauzia kitu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba kwao, mtu kama yeye kutoa salamu ile hadharani kwaweza kumpeleka mahakamani. Mimi niliyekulia Tanzania, ambako hata Mkristo hunijibu salamu hiyo sokoni bila kufikiri, nilidhani anatia chumvi. Akanionyesha sheria yenyewe. Tangu siku ile sikumfanyia mzaha tena kwa sauti yake.

Habari za nchi ile yafaa zielezwe kwa taratibu, kwa maana ni mfano uliokamilika wa jambo tunalolizungumza. Tarehe 11 Agosti 1947, siku chache kabla ya Pakistan kuzaliwa, mwanzilishi wake Muhammad Ali Jinnah alihutubia Bunge la Katiba mjini Karachi. Aliwaambia wananchi ya kuwa wako huru kwenda misikitini au katika mahekalu yao, na kwamba dini ya mtu haihusiani na shughuli za dola. Waziri wake wa kwanza wa sheria, Jogendra Nath Mandal, alikuwa Mhindu. Waziri wake wa kwanza wa mambo ya nje, Muhammad Zafrulla Khan, alikuwa Ahmadiyya. Lakini Jinnah alifariki mwaka 1948, na baada yake zikapazwa sauti zikidai ya kuwa Zafrulla Khan aondolewe na Waahmadiyya watangazwe na serikali kuwa si Waislamu. Mwaka 1953 ghasia katika jimbo la Punjab zilifikia hadi mji wa Lahore kuwekwa chini ya amri ya jeshi.

Hapo ndipo majaji wawili, Muhammad Munir na M. R. Kayani, walipopewa kazi ya kuchunguza ghasia zile, nao wakatoa ripoti yao mwaka 1954. Majaji hawa walifanya jambo la akili sana. Waliwaita wakuu wa wanavyuoni wa madhehebu mbalimbali, wale wale waliotaka serikali iamue nani Mwislamu na nani si Mwislamu, wakamwuliza kila mmoja: Mwislamu ni nani? Ni jambo gani ambalo mtu akiwa nalo ni Mwislamu, na akilikosa si Mwislamu? Waliyajibu, na majibu yakaandikwa. Majaji wakatoa taarifa kwamba hawakupatikana hata wawili waliokubaliana katika jambo hili la msingi. Na kwamba wakifuata maelezo ya mwanachuoni mmoja, basi watakuwa Waislamu kwake yeye na makafiri kwa wenziwe wote.

Ndugu msomaji, nakusihi usiipite habari hii haraka. Sisemi hivi kwa kuwadharau wanavyuoni wale. Wengine walikuwa watu wa ibada na elimu. Shida haikuwa upungufu wa elimu yao. Shida ilikuwa katika swali, pale linapoulizwa na dola. Mwanachuoni akiulizwa na mwanafunzi wake, hutoa fatwa, na mwanafunzi huipokea au huenda kwa mwingine. Lakini serikali ikishauliza, jibu huwa sheria. Na sheria ina polisi, ina gereza, ina karani wa pasipoti. Fatwa moja kati ya nyingi hupandishwa ikawa amri ya nchi, na zile nyingine zote, pamoja na watu wake, hukaa zikingoja zamu yao.

Onyo la majaji wale lilipuuzwa. Tarehe 7 Septemba 1974, wakati wa serikali ya Zulfikar Ali Bhutto, Bunge lilibadili katiba, kifungu cha 260 miongoni mwa vingine, likawatangaza Waahmadiyya kuwa si Waislamu kwa shughuli za katiba na sheria. Yule aliyeamriwa kuandikwa kwa ulimi wake katika daftari la Madina, hapa ulimi wake ulikatiwa hukumu kwa kura. Tarehe 26 Aprili 1984 Jenerali Zia-ul-Haq akatoa amri iliyoongeza adhabu: Mwahmadiyya akijiita Mwislamu, akiita mahali pake pa ibada msikiti, akiadhini, au akiitangaza dini yake kwa wengine, aweza kufungwa hadi miaka mitatu na kutozwa faini. Mwombaji wa pasipoti ajiandikaye Mwislamu hutakiwa kutia sahihi tamko la kumkataa mwanzilishi wa Jumuiya yetu. Profesa Abdus Salam, aliyeipatia Pakistan Tuzo ya Nobel ya kwanza mwaka 1979, alipozikwa kwao Rabwah mwaka 1996, neno "Mwislamu" lililoandikwa juu ya kaburi lake lilifutwa. Nimeitazama picha ya jiwe lile mara nyingi. Pale palipofutwa ndipo jicho linapokwenda kwanza.

Ni haki niseme pia kwamba Wapakistani wengi wasiokuwa wa Jumuiya yetu, mawakili, waandishi na majirani wa kawaida, waliona aibu kwa mambo haya, na wengine walijihatarisha wakiyapinga. Wala sitaki msomaji adhani kwamba nasimulia ili aichukie nchi ile au watu wake. Mwalimu wangu aliyenifundisha hadithi alikuwa wa huko, na hata leo sijaona mtu mpole kama yeye.

Lakini je, waliosalia walipata amani baada ya kundi moja kutolewa nje? Tarehe 28 Mei 2010 magaidi waliivamia misikiti miwili ya Ahmadiyya mjini Lahore wakati wa sala ya Ijumaa, wakaua watu zaidi ya 80. Haikupita hata miezi miwili, tarehe 1 Julai, mabomu yalilipuka katika mji ule ule penye kaburi la Data Ganj Bakhsh, walii anayependwa na maelfu ya Masunni, wakafa zaidi ya watu 40. Mwaka 2013 Mashia wa kabila la Hazara waliuawa kwa makundi mjini Quetta. Serikali haikuwatuma wauaji hawa, nami siisingizii. Wauaji wale waliwaua askari wake pia. Lakini serikali ilikuwa imefundisha kwa miaka mingi kwamba imani ya mtu mwingine yaweza kuhukumiwa na asiyekuwa Mungu, na fundisho likishatoka halichagui mwanafunzi.

Sasa turudi nyumbani, kwa yule ndugu wa pili, mtumishi wa serikali. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 yaitaja Jamhuri kuwa nchi isiyokuwa na dini, na maneno haya huwakwaza baadhi ya Waislamu na Wakristo vilevile. Husema: nchi isiyokuwa na dini si nchi ya kikafiri? La, hasha. Kifungu cha 19 cha Katiba hiyo chafafanua: kuitangaza dini, kuabudu na kuieneza ni huru na ni hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Viongozi wetu huapa wakiwa wameshika Kurani au Biblia. Mizani ya sokoni haina njaa, lakini kwa sababu haina njaa ndiyo tunaiamini ipime unga wa kila mtu. Nayo Kenya, katika Katiba yake ya mwaka 2010, yasema kwamba hakuna dini ya dola, na papo hapo imebakiza Mahakama za Kadhi kwa ajili ya ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa humo. Kukubali! Mimi hupendezwa sana na sharti hilo, maana lanukia ile aya ya 257.

Kwa hiyo mtumishi wa serikali na asilimu bila hofu. Nabii Yusuf a.s. alitunza hazina za mfalme asiyekuwa wa dini yake, na Kurani yenyewe, katika Sura Yusuf aya ya 77, yatueleza ya kuwa alikuwa amefungwa na sheria ya mfalme yule. Masahaba walioteswa Makka walikimbilia Uhabeshi mwaka 615, wakaishi kwa salama chini ya Najashi, mfalme Mkristo aliyesifiwa kwa uadilifu, na baadhi yao walibaki huko hata baada ya Madina kuwa na nguvu. Na kwetu Tanzania, Sheikh Kaluta Amri Abedi, mbashiri wa Ahmadiyya na mshairi mashuhuri, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake. Mbashiri wa dini kushika sheria za nchi yenye watu wa kila dini! Wale wadhanio kwamba mtu wa dini hawezi kushika amana hiyo bila kuigeuza fimbo, na wamfikirie yeye.

Nimesimulia ya Baghdad na ya Pakistan, nawe pengine umesema moyoni, "Hayo ni makosa ya wengine." Basi nitasimulia la kwetu. Wakati tunapokuwa wachache, kila mmoja wetu huusifu uhuru wa dini. Mtihani huja siku tunapokuwa wengi.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha katika kijiji kimoja kusini mwa Tanzania. Kwa fadhili za Mwenyezi Mungu watu wengi walikuwa wamejiunga nasi, hata tukapita nusu ya kijiji. Usiku mmoja alinijia kijana aliyesilimu karibuni, mwenye bidii ya sala kutushinda wengi, amebeba karatasi. Alitaka niisome kabla hajaipeleka katika mkutano mkuu wa kijiji. Ilidai kwamba upishi wa pombe upigwe marufuku kijiji kizima kwa sababu Mungu ameuharamisha, na kwamba maduka yote yafungwe adhuhuri ya Ijumaa, na atakayekaidi atozwe faini. Aliyelengwa hasa, kila mtu alijua, alikuwa mama mmoja Mkristo, mjane, aliyesomesha watoto wake kwa pombe ya kienyeji.

"Maalim," akaniambia, "tunazo kura. Kwa nini tuache haramu ifanyike mbele ya macho yetu?"

Sikujibu mara moja, kwani nakiri kwamba moyo wangu nao ulivutwa. Kisha nikamwuliza, "Na kule bondeni, ambako sisi ni nyumba tatu tu, wakiamua kwa kura ya kwamba adhana ya alfajiri yawaamsha watoto, tutasemaje?"

"Lakini sisi tuna haki, Maalim, na wao wamekosea."

"Na wao watasema nini, mwanangu?"

Akainamisha kichwa. Nikamweleza kwamba kama wanywaji wa pombe wanapigana usiku, au wanauziwa watoto, hilo ni jambo la serikali ya kijiji kweli, maana hata jirani Mkristo na asiyekuwa na dini waweza kulipima na kulikubali. Lakini kusema ifungwe kwa kuwa Mungu wangu amekataza, hiyo ni tablighi. Na tablighi hupelekwa nyumbani kwa mtu kwa miguu, kwa maneno mazuri, wala haipelekwi na mgambo. Nikamwuliza kama yeye aliwahi kuketi na yule mama akamweleza habari za Uislamu. Hakuwahi. Aliikunja karatasi yake akaondoka bila kunywa chai, na kwa wiki kadhaa alikuwa akinisalimu kwa ubaridi.

Mwaka uliofuata alichaguliwa kuingia katika serikali ya kijiji. Shauri la kwanza kuletwa mbele yao lilikuwa la mpaka wa shamba, baina ya ndugu yetu mmoja wa Jumuiya na mama yule yule. Alinijia tena usiku, na safari hii alikaa. Ndugu yetu, alisema, ni mtu wa sala tano na mtoaji mzuri wa michango. Naye mama, Maalim wamjua. Nikamfungulia Sura Al-Maida, aya ya 9, ile isemayo juu ya kutoruhusu uadui wa watu utuondoe katika uadilifu, akaisoma mwenyewe polepole mara mbili. Nikamwuliza kama amekwisha kwenda kuutazama mpaka wenyewe. Akasema bado. Tukakubaliana kwamba aende asubuhi, baada ya sala, pamoja na wazee wawili wanaokumbuka ulipopandwa mwembe.